Kinu cha Goa: Mifupa, Miguu na Thawabu katika Hija za Wakatoliki na Wabuddha

Mwaka 1561, huko Goa, makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi, Askofu Mkuu Gaspar alitia jino moja ndani ya kinu akalitwanga hadi likawa unga. Unga ule ukachomwa kwenye makaa, na majivu yake yakamwagwa mtoni asipatikane wa kuyaokota. Wareno walikuwa wameliteka jino hilo muda mfupi nyuma katika vita vya Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, wakaambiwa ni la Buddha. Mfalme wa Pegu, katika nchi ambayo leo ni Myanmar, alituma wajumbe na ahadi ya fedha nyingi apate kulikomboa. Gavana alizitamani fedha hizo. Makasisi wakamkatalia kwa hoja kwamba kuliuza ni kuisaidia ibada ya sanamu.

Katika mji huohuo, siku hizohizo, ulikuwa umelazwa mwili wa Fransisko Ksaveri, mmisionari Mjesuiti aliyefariki mwaka 1552 kwenye kisiwa karibu na pwani ya China. Mwili ulipofikishwa Goa mwaka 1554, umati ulifurika kuibusu miguu yake, na simulizi za wakati ule zinamtaja mama mmoja aliyeinama kama anayebusu, kumbe anang'ata, akaondoka na kidole ili baraka ikae nyumbani kwake. Mwaka 1614 mkono wa kulia ulikatwa ukapelekwa Roma, na hadi leo umehifadhiwa katika kanisa la Gesù. Mji mmoja, kizazi kimoja: jino la huyu linatwangwa, kidole cha yule kinang'atwa kwa mapenzi.

Anayetaka kuwacheka Wareno hakosi sababu. Lakini kicheko hakitufikishi mbali. Dini hizi mbili zilianza mbalimbali. Moja inamkiri Mungu Muumba. Nyingine haikuyajenga mafundisho yake juu ya muumba yeyote. Zimefikaje kwenye mfupa uleule, njia ileile na magoti yaleyale? Na zikiwa zimefanana hivyo machoni, zimeachana wapi? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba miguu ya mahujaji ni ileile. Kinachotofautiana ni imani juu ya nani yuko upande wa pili kupokea. Na hata tofauti hiyo, ukiisogelea, utakuta ina nyufa.

Mfupa ulitangulia

Kwa muda mrefu wasomi wengi waliiona heshima ya masalia, yaani mabaki ya wafu watakatifu, kama kutu iliyoishika dini safi baadaye, kazi ya wanakijiji wasiojua mafundisho. Historia haikubaliani nao. Katika Mahaparinibbana Sutta, maandiko ya Kipali yanayosimulia siku za mwisho za Buddha, mwili ukishachomwa tu koo na falme jirani zinadai mabaki yake, nusura wapigane, mpaka Mbrahmani aitwaye Dona anayagawa mafungu manane ili damu isimwagike. Kila fungu likajengewa stupa, yaani kuba lisilo na mlango ambalo waumini hulizunguka kwa miguu. Mapokeo yanaongeza kwamba Mfalme Ashoka, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyafukua mabaki hayo akayagawa upya katika stupa 84,000. Idadi hiyo ni ya imani kuliko ya hesabu, lakini safari za Ashoka zina shahidi wa jiwe. Nguzo iliyogunduliwa Lumbini, Nepal, mwaka 1896 ina maandishi yanayoeleza kuwa mfalme alifika mwenyewe mahali alipozaliwa Buddha, miaka 20 baada ya kutawazwa, na kwamba alikipunguzia kijiji kile kodi. Basi mojawapo ya kumbukumbu za kale kabisa za hija ya Kibuddha ni tangazo la kodi pia. Tuliweke hilo akilini, maana litarudi.

Kwa Wakristo hali ilikuwa hiyohiyo. Walikusanyika kwenye makaburi ya mashahidi wao tangu siku ambazo dini yao ilikuwa haramu Roma. Kaisari Konstantino alipowapa uhuru, basilika ikajengwa Vatikani juu ya kaburi linaloaminika kuwa la Petro, na Kanisa la Kaburi Takatifu kule Yerusalemu likatabarukiwa mwaka 335. Kabla karne hiyo haijaisha, mwanamke aitwaye Egeria alikuwa amekwisha kusafiri kutoka upande wa magharibi wa himaya hadi Yerusalemu na Sinai, akiwaandikia wenzake wa nyumbani aliyoyaona. Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea uliagiza kwamba kanisa lisitabarukiwe bila masalia ya mashahidi.

Wapingaji hawakukosekana, tena ndani ya nyumba zenyewe. Katika maandiko yaleyale ya Kipali, Buddha anamwambia mwanafunzi wake Ananda kwamba watawa wasijishughulishe na heshima za mwili wake. Hizo wawaachie walei, wao washike mazoezi yao. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, aliandika barua akihoji faida ya kwenda Yerusalemu, kana kwamba Roho Mtakatifu anashindwa kufika Kapadokia. Walimu wote wawili wanaheshimiwa mpaka leo, na katika jambo hili hawakusikilizwa.

Kutokewa na kupanda

Dini hizi mbili, hata hivyo, hazipati mahali patakatifu kwa namna moja. Ubuddha ulianza na orodha fupi. Buddha mwenyewe, kwa mujibu wa maandiko, alitaja mahali panne pa kuzuriwa: Lumbini alikozaliwa, Bodh Gaya alikopata mwamko chini ya mti, Sarnath alikotoa hotuba ya kwanza, na Kushinagar alikofia. Kutoka hapo utakatifu ulisambaa kama mche unavyosambaa, kwa kupandwa. Inasimuliwa kwamba Sanghamitta, binti wa Ashoka, alichukua tawi la mti wa Bodh Gaya akalipeleka Anuradhapura, Sri Lanka, na mti unaoheshimiwa huko sasa ndio uzao wake. Mti wa kwanza ulikufa; ulioko Bodh Gaya leo unatajwa kuwa uzao pia. Wasinhala wa Sri Lanka waliohamia Dar es Salaam enzi za ukoloni wa Waingereza walijenga hekalu lao, nalo lina mti wa ukoo huohuo. Anayeishi hapa pwani hana haja ya kupanda ndege kwenda kuuona.

Ukatoliki una ramani isiyofungwa. Mahali papya hupatikana kwa kutokewa na Bikira Maria, na mara nyingi anayetokewa ni mtu asiye na sauti mjini. Guadalupe, Meksiko, mwaka 1531, alikuwa Juan Diego, mwenyeji wa nchi iliyokuwa imetoka kutekwa na Wahispania. Lourdes, Ufaransa, mwaka 1858, alikuwa Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14 wa familia iliyofilisika. Fatima, Ureno, mwaka 1917, walikuwa watoto wachungaji watatu. Kibeho, Rwanda, kuanzia Novemba 28, 1981, walikuwa wasichana wa shule.

Kwa kuwa ramani iko wazi, Kanisa limelazimika kuweka walinzi mlangoni. Lourdes ndiyo mfano bora. Askofu alitumia karibu miaka minne kuchunguza kabla ya kutambua matokeo yale mwaka 1862. Tangu 1883 kuna ofisi ya madaktari inayopokea madai ya uponyaji, na daktari asiyeamini anaruhusiwa kushiriki uchunguzi. Zaidi ya madai 7,000 yamefikishwa. Yaliyotangazwa kuwa miujiza ni 70 na ushei tu. Kwa hiyo mamilioni wanaokwenda kila muongo hawavutwi na uwezekano wa kupona peke yake. Mtu wa hesabu angebaki kwao. Bernadette mwenyewe, aliyesumbuliwa na pumu na kifua kikuu, alifariki akiwa na miaka 35 katika nyumba ya watawa ya Nevers. Chemchemi aliyoichimba kwa mikono yake haikumponya, na mahujaji wanalijua hilo.

Njia na wanaoitembea

Hija hutofautiana na ziara kwa sababu mwili unalipishwa. Wanaokwenda Santiago de Compostela, Hispania, kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Yakobo, hawapewi hati ya kuhitimu mpaka wawe wametembea angalau kilomita 100, au kuendesha baiskeli kilomita 200. Miaka ya 1980 waliopata hati hiyo walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika. Mwaka 2023 walizidi 440,000. Wengi wao si watu wa misa ya kila Jumapili, na wako wasiokuwa na dini kabisa. Njia imewashika watu ambao mafundisho yaliwaachia.

Huko Japani, katika kisiwa cha Shikoku, kuna mzunguko wa mahekalu 88, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Hujaji huvaa mavazi meupe, rangi ya sanda, kama mtu aliyekwisha kuaga. Fimbo aliyoishika ni Kukai mwenyewe, mtawa aliyeishi kuanzia mwaka 774 hadi 835, ndiyo maana huambiwa kila hujaji kwamba wanatembea wawili. Akivuka daraja haigongeshi fimbo chini, kwa kuwa simulizi zinasema Kukai aliwahi kulala chini ya daraja, na huenda amelala hapo. Wakazi wa vijijini huwapa mahujaji matunda, chai, hata fedha. Anayepewa hakatai, kwa sababu anayetoa naye anajipatia thawabu. Kumkatalia ni kumnyima. Mswahili aliyezoea kusema kutoa ni moyo hahitaji kufafanuliwa desturi hiyo.

Nani anasikiliza?

Hapa ndipo pa kuachana. Mkatoliki anayepiga magoti mbele ya masalia ya mtakatifu anaamini kwamba mtu yule yu hai mbele ya Mungu na anaweza kumwombea. Ule Mtaguso wa Pili wa Nisea uliweka mpaka, na Kiswahili cha Kanisa kinaulinda vizuri: anayeabudiwa ni Mungu peke yake, watakatifu huheshimiwa na kuombwa maombezi. Mtaguso wa Trento uliurudia mpaka huo mwaka 1563, miaka miwili tu baada ya kinu cha Goa.

Mbuddha wa mapokeo ya Theravada, yaliyo Sri Lanka, Thailand na Myanmar, yuko katika hali nyingine. Buddha amekwenda, hapokei ua, hasikii ombi. Sasa ua ni la nini? Swali hilo si langu. Katika kitabu kiitwacho Milindapañha, mfalme Mgiriki Milinda anambana mtawa Nagasena kwa hoja hiyohiyo: asiyepokea kitu akipewa zawadi, si kazi bure? Nagasena anajibu kwa mfano wa moto. Moto mkubwa ukizimika, watu hawakosi moto. Hupekecha vijiti kwa nguvu zao wenyewe wakaupata. Thawabu, basi, inatoka katika moyo wa mtoaji. Ua halimfikii Buddha. Linambadilisha aliyelishika.

Kama mambo yangeishia hapo, uchambuzi huu ungekuwa mwepesi: Mkatoliki anazungumza na mtu, Mbuddha anajitengeneza mwenyewe. Lakini Ubuddha wa Mahayana, ulioenea China, Korea na Japani, una Guanyin, ambaye Wajapani humwita Kannon, na jina lake linamaanisha anayezitambua sauti za ulimwengu. Huyo anasikiliza. Huko Koyasan, Japani, Kukai anaaminika hajafa bali yumo katika tafakari, na watawa humpelekea chakula mara mbili kila siku. Upande wa pili, mwalimu yeyote wa katekisimu atakwambia kwamba hija ya kwenda Roma bila toba ni matembezi. Kwamba rehema ya Jubilei, iliyoanzishwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300, inadai moyo uliogeuka. Nagasena angeitikia kwa kichwa.

Nyufa hizi zimewahi kuokoa watu. Ukristo ulipopigwa marufuku Japani mwaka 1614, waumini waliobaki walisali mbele ya sanamu za Kannon aliyepakata mtoto, wakiwa na Maria moyoni. Walikaa hivyo bila padre kwa zaidi ya miaka 200, hadi Machi 17, 1865, kikundi kutoka Urakami kilipoingia kanisa jipya la Oura, Nagasaki, na kumuuliza Padre Petitjean sanamu ya Maria iko wapi. Na muda mrefu kabla ya hapo maisha ya Buddha yalikuwa yamesafiri magharibi, lugha hadi lugha, neno Bodhisattva likabadilika kuwa Yosafati, mwana wa mfalme wa Uhindi aliyeacha enzi akawa mkaapweke Mkristo. Jina lake liliingia katika orodha ya watakatifu wa Roma, siku yake ikiwa Novemba 27. Kwa miaka mingi Wakatoliki walimheshimu Buddha bila kujua.

Kodi, enzi na damu

Turudi kwenye lile tangazo la kodi. Panapokusanyika watu, fedha na mamlaka hufuata. Biashara ya rehema ndiyo iliyompandisha Martin Luther hasira mwaka 1517, na tangu hapo sehemu kubwa ya Ukristo wa magharibi ikaitupa hija yote, mbegu na maganda. Huko Kandy, Sri Lanka, imani ya kale ni kwamba anayeshika jino la Buddha ndiye mwenye haki ya kutawala. Wasinhala wanasema lililotwangwa Goa lilikuwa bandia. La kweli lilifichwa, na mwishoni mwa karne ya 16 Mfalme Vimaladharmasuriya wa Kwanza akalijengea hekalu Kandy. Waingereza walipouchukua ufalme huo mwaka 1815 waligundua upesi kwamba mkataba bila jino haukuwatosha.

Bodh Gaya nako kuna shauri la muda mrefu. Anagarika Dharmapala wa Sri Lanka alifika huko mwaka 1891, akakuta hekalu la Mahabodhi likiwa mikononi mwa viongozi wa Kihindu, akaanzisha Maha Bodhi Society kudai lirudi kwa Wabuddha. Sheria ya mwaka 1949 iliwapa usimamizi Wahindu na Wabuddha kwa pamoja, na manung'uniko hayajaisha.

Mahali pakishakuwa nembo ya watu, adui naye hupalenga. Mei 1985 wapiganaji wa Tamil Tigers, waliokuwa vitani na serikali ya Sri Lanka, waliwaua zaidi ya watu 100 Anuradhapura, wakiwemo waliokuwa wakisali kwenye ule mti. Januari 1998 walilipua bomu kwenye hekalu la Kandy. Novemba 1999 makombora yaliangukia kituo cha hija cha Kikatoliki cha Madhu, kaskazini, na kuua watu karibu 40 waliokimbilia hapo wakidhani vita vingeliheshimu eneo hilo. Aprili 21, 2019, Jumapili ya Pasaka, mtu aliyejitoa mhanga alijilipua ndani ya kanisa la Mtakatifu Antoni, Kochchikade, jijini Colombo.

Kanisa hilo linastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Kila Jumanne huingia humo Wabuddha, Wahindu na Waislamu pamoja na Wakatoliki, kumwomba Antoni jambo lililowashinda. Mlima wa Sri Pada, katika nchi hiyohiyo, wenye urefu wa mita 2,243, una alama ya unyayo kileleni: Mbuddha huiona ya Buddha, Mhindu ya Shiva, Mwislamu ya Nabii Adamu, na Wakristo wengine wameihusisha na Mtume Tomaso. Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima huo miaka 13 baadaye. Wote hupanda usiku ili jua liwakute juu, na hakuna anayemuuliza mwenzake unyayo ni wa nani.

Kwetu

Afrika Mashariki ina kipimo chake. Kila Juni 3 Namugongo, Uganda, hupokea mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine wakiwa wametembea kwa wiki kadhaa. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa huko mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mashahidi wa Uganda ni 45: Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana 23. Walikufa kwa sababu moja, wengi wao kwenye moto mmoja, na leo wana madhabahu mbili zisizo mbali. Basilika ya Wakatoliki ina nguzo 22. Hesabu hiyo ni sahihi kwa Kanisa, lakini kwa majivu ni pungufu.

Kibeho ni mahali pagumu zaidi. Watu waliuawa ndani ya kanisa la parokia mwaka 1994. Aprili 1995 wakimbizi waliuawa kwenye kambi ya hapohapo. Mwaka 2001 Askofu Augustin Misago alitambua matokeo kwa wasichana watatu. Hujaji anayekwenda Kibeho hukanyaga matokeo na makaburi kwa pamoja, na hapo ndipo unapoona kwamba utakatifu wa mahali hautokani na usafi wake.

Hukumu yangu, basi. Makasisi wa Goa hawakukosea kuona kwamba dini mbili zinatofautiana. Mafundisho juu ya nani anapokea ua na nani anajibu ombi si mambo madogo, na anayesema dini zote ni sawa hajazisoma. Walikosea kudhani kwamba tofauti hiyo inakaa ndani ya mfupa, hivyo mfupa ukitwangwa shauri limekwisha. Inakaa kwa anayetembea.

Kuanzia Novemba 2024 hadi Januari 2025 mwili wa Fransisko Ksaveri ulitolewa nje Goa, kama unavyotolewa kila baada ya miaka kumi, na Wahindu walipanga foleni pamoja na Wakatoliki. Aprili 2025 jino lilionyeshwa kwa umma Kandy, mara ya kwanza baada ya miaka 16, na foleni ikachukua siku na usiku.